Chumba cha Kuvulia Buti za Theluji

Chicago
11 Januari 1998

Dada Kalunde,

Pokea salamu zangu, lakini baridi ya huku iache ndani ya bahasha isikuguse. Mimi niko mzima. Baba yuko aje, na lile goti lake? Bado anakaa Kola peke yake na mbuzi wake? Msalimie sana. Salimia na Festus, mwambie sijasahau vile tulichapwa pamoja darasani kwako.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Nataka tujenge kwa ile ploti ya Baba hapo mjini, njia ya Katelembo. Si maduka, Dada, na si vile vyumba vya mabati vya kila mtu. Nataka jumba la kifahari. Ghorofa tatu, nyumba mbili kila ghorofa. Unajua kazi yangu huku ni mambo ya majumba, kwa hivyo niko na ramani tayari, nimechora mwenyewe. Karatasi nne ziko ndani ya bahasha hii.

Festus ndiye fundi atakayejenga, mwambie asibadilishe kitu. Mlango wa mbele uwe ule wa kuzunguka, wa vioo vinne. Kuwe na paa la turubai kutoka mlangoni mpaka barabarani, mtu akishuka kwa gari asinyeshewe. Ukiingia, mkono wa kushoto kuna chumba cha kuvulia buti za theluji. Sakafu yake iwe na mteremko na shimo la maji. Mkono wa kulia kuna kibanda cha bawabu. Hicho nimekichora peke yake kwa karatasi ya nne. Kiti kiwe inchi ishirini na nane, kikizidi hapo miguu inaning'inia na baada ya saa tano mgongo unaanza kuuma. Dirisha lione mlango na ngazi pamoja. Chini kuwe na bomba la maji moto la kupasha miguu.

Kila ukuta uwe na vile vyuma vya kupasha joto. Masanduku ya barua yawe ya shaba.

Nitakuwa natuma kidogo kidogo. Usiniulize sana Dada, jenga.

Ni mimi ndugu yako,
Maundu


Machakos
2 Machi 1998

Ndugu yangu Maundu,

Barua yako ilifika imelowa, kwa maana hizi mvua za El Nino hazijabakisha kitu. Choo cha jirani kilikwenda na maji na mpaka leo hakijaonekana. Sisi tumesalimika. Baba hajambo, goti lake linamtabiria mvua siku ambayo tayari inanyesha. Mimi nimestaafu tangu Desemba. Shule ilinipa saa ya ukutani na beberu, na beberu ameshakula mkanda wa saa ya mkononi.

Nimesahihisha barua yako kwa kalamu nyekundu, nilishindwa kujizuia. Hatusemi "niko na ramani". Tunasema "nina ramani". Nilikufundisha Kiswahili miaka minne, Maundu. Sita kwa kumi.

Festus alizitandaza karatasi zako kwenye meza yangu, akazigeuza moja moja mpaka chai ikapoa. Nikamwuliza kama kuna tatizo.

"Mwalimu," akasema, maana bado ananiita hivyo, "theluji inaingia Machakos mwezi gani?"

"Haiingii."

"Sasa hiki chumba ni cha nini?"

"Cha kuvulia buti."

Akaniangalia miguu. Nilikuwa nimevaa slipa.

Chumba cha buti tutajenga. Hata ukitaka cha kuvulia kofia za maaskofu tutajenga. Lakini kuna jambo lingine. Ramani yako ina kila kitu kuanzia barabarani mpaka kwenye mlango wa mpangaji. Umechora bomba la kutupia taka, umechora msumari wa kutundikia funguo, umechora hata mahali ambapo mbwa husimama akifutwa miguu. Halafu tunafika kwenye milango sita ya nyumba zenyewe, na nyuma ya milango hiyo hakuna kitu. Masanduku sita matupu. Hakuna jikoni. Hakuna choo. Hakuna hata pa kuweka kitanda. Festus anauliza kama matajiri wa huko hawali.

Nijibu hilo. Kaburi la Mama limeliwa na maji upande mmoja, tukalijaza udongo tena. Hukuuliza, nakuambia tu.

Dada yako,
Kalunde


Chicago
20 Mei 1998

Dada mpendwa,

Nina furaha kwa barua yako. Umeona? Nina. Nipe hata saba.

Huku barafu imeyeyuka na watu wanatembea wakitabasamu kama wamelipwa. Pole kwa beberu na pole zaidi kwa jirani. Natumai wamepata choo.

Juu ya ndani ya nyumba, hiyo ni mambo ya wenye nyumba. Kwa majumba makubwa kila mtu anajipangia vile anataka, si heshima mtu wa nje kuuliza. Wewe weka jikoni mahali unaona inafaa. Choo pia. Kitu muhimu ni hapo chini pa kuingilia, kwa sababu hapo ndipo mtu anajulikana yeye ni nani.

Festus aache kucheka. Jumba la kifahari bila chumba cha buti ni jumba gani? Na mteremko wa paa ubaki vile niliandika, ndio theluji ikiwa nyingi iteleze. Sisemi theluji itakuja. Nasema jumba liwe tayari.

Habari ya Mama nitaandika siku nyingine. Leo niko na haraka.

Maundu


Machakos
15 Novemba 1998

Ndugu yangu Maundu,

Miezi sita bila barua, pesa tu zinafika bila neno. Natumai ni kazi na si ugonjwa. Sisi tu wazima. Baba yuko mjini siku hizi, anapenda kuangalia ujenzi.

Jumba limesimama. Kutoka njia ya Katelembo linaonekana kabla ya mnara wa kanisa, na wapita njia wanauliza ni ubalozi wa nchi gani. Paa ni kali kama kofia ya mchawi. Vile vyuma vya kupasha joto vimefungwa kila ukuta, vinaonekana kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa njaa. Maji ya kuvijaza hayapo, maana mvua ilipoondoka ilifunga mlango, lakini juani mchana vinapata moto vyenyewe. Mtu akiegemea anaruka.

Mlango wa kuzunguka ulitengenezwa na mafundi wa jua kali kwa kutumia mhimili wa mashine ya kusagia mahindi. Ni mlango mzuri kupita kiasi. Ukiusukuma mara moja hauachi. Mchungaji alipokuja kubariki jumba aliingia akizungumza, akazunguka mara tatu, akatokea tena barabarani. Ilibidi abariki barabara.

Mpangaji wa kwanza amejitokeza. Ni Mowlid, Msomali mwenye biashara ya mifugo hapa mjini. Anataka nyumba ya chini kwa ajili yake na mkewe Ruweida na watoto. Nilimzungusha kote mpaka tukafika kwenye chumba cha buti. Akaangalia mteremko, akaangalia shimo la maji, akaangalia rafu za viatu.

"Mwalimu," akasema, "nimeishi na Wakamba tangu nizaliwe. Leo ndiyo mara ya kwanza naona Mkamba amejenga nyumba akakumbuka mahali pa kutawadha."

Sikumwambia habari za theluji. Alikuwa amefurahi mno.

Jikoni niliamua mwenyewe, pamoja na akina mama wa kwaya. Kila jikoni lina dirisha kubwa. Mama alipika ndani ya moshi miaka arobaini, na kila nikisimama pale naona angependa. Uliahidi kuandika habari zake. Bado nangoja.

Kalunde


Chicago
9 Februari 1999

Dada,

Nisamehe kwa kukawia. Baridi ya mwaka huu imevunja mabomba mpaka chini ya barabara. Niko mzima, nimenenepa kidogo. Msalimie Mowlid, mwambie nilimfikiria yeye wakati nachora. Hiyo ni uongo lakini mwambie.

Nimetuma kifurushi kwa meli. Ndani kuna koti na kofia ya bawabu. Koti ni refu, la rangi ya zambarau iliyoiva, vifungo ni vya dhahabu kwa macho. Tafuta mtu wa kufaa, usiweke tu mtu yeyote. Kazi hiyo watu wanaidharau kwa sababu hawaijui. Asikae mtu akiingia, asimame. Asiulize mtu habari za siku mpaka mwenyewe aanze. Ajue majina ya watoto na ya mbwa. Mtu akirudi na macho mekundu, amfungulie na asione. Akipewa bahasha ya Krismasi asiifungue mbele ya mwenyewe. Na akiwa na shida yake ya nyumbani, hata kama ni msiba, aiache kwa msumari pamoja na jaketi yake, kwa sababu wale watu hawakuja kumwona yeye.

Ukipata mtu, nipigie picha akiwa ndani ya kibanda.

Maundu


Machakos
30 Mei 1999

Ndugu yangu Maundu,

Hatujambo. Mahindi yamekauka yakiwa magotini, lakini maembe ya Matuu yanafika sokoni, tunakula hayo. Kifurushi kimefika salama. Picha nimeiweka humu.

Mwenye koti ni Baba.

Sikumweka mimi. Tangu mwaka jana alikuwa analala kwenye kile kibanda, nami sikukuandikia kwa sababu nilidhani atachoka arudi Kola. Kiti cha inchi ishirini na nane kinamfaa goti kuliko kiti chochote alichowahi kukalia. Kifurushi kilipofunguliwa alichukua koti, akaingia ndani kulivaa, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa bawabu. Koti linamfikia vifundoni. Jua linawaka, naye halivui.

Tatizo ni kwamba jumba limekwisha, nyumba zote sita zina watu wanaozitaka, na hakuna hata mmoja aliyeingia. Unamkumbuka Baba akiwa karani wa josho la ng'ombe kule Kola, miaka thelathini na mmoja. Ng'ombe asiyekuwa kwenye rejista haogi. Basi amekuja na ile rejista.

Wiki iliyopita alikuja Bi. Mukai, anayefanya kazi benki. Nilikuwa nimempa ufunguo mimi mwenyewe. Aliushika mkononi na godoro lilikuwa mkokotenini nyuma yake.

"Unamwona nani?" Baba akamwuliza.

"Simwoni mtu, Mzee. Nahamia. Namba tatu."

"Jina?"

"Mukai."

Baba akapitisha kidole kwenye ukurasa, polepole, mpaka chini. "Hupo."

"Basi niandike."

"Mimi siandiki. Mimi naangalia kama umeandikwa."

Bi. Mukai alirudi na godoro lake. Mowlid amejaribu mara tano. Mara ya nne alikuja na ng'ombe na cheti cha chanjo cha ng'ombe huyo. Baba alikisoma cheti mbele na nyuma, akaridhika, akamfungulia ng'ombe. Mowlid akabaki nje. Ilituchukua mchana kutwa kumtoa ng'ombe, kwa maana mlango ule ulimrudisha ndani mara mbili.

Nilipata nafasi ya kuichungulia rejista Baba alipokwenda msalani. Ukurasa wote ni mtupu. Jina ni moja tu, kwenye mstari wa kwanza, kwa mwandiko wake wa zamani wa kalamu ya wino. Ni jina lako.

Nimejaribu kuongea naye, anasimama wima na kuniambia jumba hili lina utaratibu. Maundu, nifanye nini?

Kalunde


Chicago
4 Agosti 1999

Dada Kalunde,

Salamu sina nyingi leo. Nimekaa na hiyo picha wiki nyingi nikiiweka chini ya mto na kuitoa.

Hilo koti ni langu. Nimelivaa miaka minane. Mwaka huu walitupa mapya, wakasema ya zamani tutupe, nikashindwa kutupa.

Mimi ni wochi, Dada. Wochi wa kufungulia watu mlango. Sijawahi kuwa mhandisi, wala msimamizi, wala kile kitu kingine niliandika kwa kadi ya mwaka wa tisini na moja. Zile ramani nilichora nikiwa nimesimama hapo hapo kazini. Nilichora kila kitu ninachoona. Nyuma ya milango sijui kuna nini kwa sababu hatuingii. Niliingia mara moja tu, mama mzee wa namba tisa alianguka nikambeba mpaka kitandani. Jikoni nilipita, lakini nilikuwa naangalia miguu yangu nisimwangushe.

Na Mama. Uliponipigia simu kwamba amelala, sikuwa na makaratasi. Ningetoka hapa nisingerudi, na mshahara wangu ndio ulikuwa unalipa dawa za Baba wakati huo. Nilikuambia niko na mkutano mkubwa wa kazi. Mkutano haukuwa. Siku mliyomzika nilikuwa mlangoni. Nilifungua tangu asubuhi mpaka jioni, mvua ilikuwa inanyesha, na kuna mtoto wa ghorofa ya pili aliniuliza mbona uso wangu umelowa na niko ndani.

Nilitaka mjue nimejenga kitu kikubwa. Sikutaka kumwona Baba kwa hicho kiti. Mtoe, tafadhali. Mtoe hata kama ni kwa nguvu. Hiyo si mahali pa baba ya mtu.

Maundu


Machakos
26 Septemba 1999

Mpendwa ndugu yangu,

Sote wazima, na leo sina kalamu nyekundu.

Nilimsomea Baba barua yako pale kibandani, nimesimama upande wa wageni. Nilisoma yote. Aliposikia neno la Mama alivua kofia, nilipomaliza akaivaa tena.

"Nilijua," akasema. "Jina lake limeandikwa ndani ya ukosi wa koti. Nililiona siku ile ile."

"Basi Baba, anakuomba utoke hapo."

"Yeye amefungulia watu wangapi?"

Nikamwambia sijui, wengi.

"Na yeye akija hapa kwake, nani atamfungulia? Nitakaa. Mwambie hii si kazi. Mimi silipwi."

Kumtoa basi sikuweza, wala sitajaribu tena. Lakini nilimwambia kwamba ukifika ukakuta jumba tupu utadhani umekosea njia, uende kwingine. Hilo lilimwingia. Alifikiri siku mbili, halafu akanisukumia rejista kupitia dirishani na kusema yeye haandiki, ila mwalimu anaweza kuandika. Nikaandika. Ilibidi nijaze safu zote, pamoja na ile ya kupe. Mowlid na Ruweida na watoto wanne, kupe hakuna. Bi. Mukai, kupe hakuna. Wapangaji wengine wawili, kupe hakuna. Festus amechukua nyumba ya juu kabisa, anasema hakuna mwingine atakayeweza kulala chini ya paa lile bila kuogopa. Jioni ile wote waliingia, na Baba alisimama kwa kila mmoja. Nyumba ya sita, ile ya upande wa asubuhi, nimeibakiza.

Sasa nami nina langu. Nilijua, Maundu. Nilijua tangu Desemba ya mwaka tisini na tano, miezi minne baada ya kumzika Mama. Mwalimu mwenzangu, Kasyoki, alikwenda Marekani kumtembelea bintiye, akapita mbele ya jumba fulani Chicago, akafunguliwa mlango na mtu mwenye macho ya mama yetu. Hakukusemesha. Aliogopa kukuaibisha. Alirudi akaniambia mimi peke yangu.

Kwa hiyo siku ramani zako zilipofika nilikuwa najua ni za nani na zimechorwa wapi. Festus aliniambia waziwazi kwamba huu ni wazimu, tujenge vyumba vya kawaida. Nilimkatalia. Miaka saba ulikuwa ukituletea kadi za Krismasi zenye mistari miwili. Ghafla ukaandika kurasa nzima, ukaniuliza habari za goti la Baba, ukanikumbusha darasa langu. Niliogopa nikikukatalia chumba kimoja tu utarudi kwenye kadi. Ningeweza kukujengea na bandari.

Nilikukosea. Ningekuambia mapema, ungepumzika mapema. Nilitaka barua.

Hakuna mtu hapa anayengoja mhandisi. Ukiweza kuja, njoo. Usipoweza, basi niandikie hivyo hivyo, hata kama hakuna cha kujenga.

Dada yako,
Kalunde


Chicago
10 Novemba 1999

Dada Kalunde,

Mko wazima? Mimi mzima.

Nimekata tiketi ya kwenda tu. Nimewaaga pale kazini. Mama mzee wa namba tisa alilia, wengine waliniuliza jina langu nani. Natua Nairobi asubuhi ya tarehe kumi na tisa Desemba, Jumapili. Nataka tupitie Kola kwanza, kwa Mama, kabla ya kuingia mjini. Tukifika huko msinisemeshe, mniache tu.

Usikodi gari la watu wengi. Njoo wewe na Baba. Na usinitafute kwa ile picha ya zamani, hutaniona. Nimenenepa Dada, na nywele za mbele zimekwisha. Simameni mahali pamoja msitembee. Mimi ndiye nitawaita.

Maundu